Akina Kavugho Kumi na Tisa wa Oicha

Jumatatu, 4 Septemba

Mvua imeanza kwa nguvu hapa Butembo, na chef mpya, mkuu wa ofisi yetu, ameingia bureau siku hiyohiyo. Anaitwa Mukendi, mtu wa Kasai, amepitia Kinshasa. Viatu vyake vilikuwa safi kuliko meza zetu. Alizunguka akiuliza kila mtu anafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni Kavugho Falonne, ninatunza orodha. Chama chetu kinawagawia mbegu za maharagwe watu waliokimbia mashamba yao kwa sababu ya vita, na asiyekuwa kwenye orodha harudi nyumbani na kitu.

"Donc, wewe ni secrétaire," akasema.

Nikasema hapana. Alikuwa ameshafika meza nyingine.

Jumanne, 5 Septemba

Mvua. Mama amepanda viazi nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 7 Septemba

Leo chef alitaka kuona "système" yetu. Nikafungua kompyuta nikamweleza, na ninaandika hapa nilivyomweleza, maana nina hakika hakusikiliza.

Orodha zetu ni maandishi matupu: mstari mmoja, mtu mmoja. Tunaziandika katika éditeur, programu ya bure ya kuandikia niliyoipakua miaka mitatu iliyopita pamoja na kiunzi chake cha mipangilio. Kila tukiwasha, kiunzi kinasoma faili ya configuration niliyoiandika mwenyewe, sehemu kwa sehemu, kutoka juu kwenda chini. Sehemu inayoitwa *noms* inaeleza jina la mtu ni nini. Inayofuata, *doublons*, inafuta mstari wowote ambao jina lake limekwisha kuonekana, kwa kuwa waandikishaji wetu wa vijijini hutuma mtu mmoja mara mbili.

Utamu wote uko kwenye mfuatano. Sisi Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo akina Kavugho, akina Masika, akina Kakule na akina Mumbere wamejaa kila njia. Ukiita Kavugho sokoni, wanawake kumi watageuka. Ndiyo maana katika *noms* niliandika kwamba jina letu ni vipande vitatu: la zamu, la pili, na la baba. *Doublons* ikisomwa baada ya hapo, inalinganisha vipande vyote vitatu. Ikisomwa kabla, haijaambiwa kitu. Inachukua neno la kwanza tu, na Kavugho wa pili kwake ni marudio ya Kavugho wa kwanza.

Mukendi alikuwa anasoma simu yake. Mwishoni akaangalia skrini akakunja uso.

"Madame Falonne, hii ni désordre. N iko yulu ya D. Mutu wa nje akifungua hii, atasema nini juu yetu?"

"Chef, iko hivyo juu ya kazi yenye inafanya."

"Mm," akasema.

Jumapili, 10 Septemba

Misa, kisha kufunga mizigo. Kesho ninaenda Musienene wiki mbili kuandikisha wakulima. Nguo mbili, bottes za matope, daftari hili.

Jumatano, 13 Septemba

Musienene. Matope. Watu wema.

Jumatatu, 18 Septemba

Hapa réseau ya simu inapatikana nyuma ya kanisa tu, na leo hata huko haikuwapo. Mzee mmoja amesema mvua ya mwaka huu ni ya kupanda mapema. Atakayechelewa hadi mwezi wa kumi atavuna majani. Nimeshukuru kwamba watu wetu wa kambi za Oicha watapata mbegu zao Jumamosi hii.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimerudi Butembo jioni, matope hadi magotini. Nimempigia chef kumwuliza kama orodha ya Oicha iko tayari kwa kesho. Alicheka vizuri, kama mtu aliyeshiba.

"Propre, Madame, safi. Sasa iko propre kabisa."

Neno hilo lilinikwaruza kidogo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikaenda kuoga.

Jumatatu, 25 Septemba

Nitaandika yote.

Nimefika bureau saa mbili. Juu ya meza yangu palikuwa na ripoti ya Oicha imechapishwa, muhuri umepigwa. Walioandikishwa: mia nne kumi na wawili. Waliopewa mbegu: mia moja thelathini na tisa. Chini yake, kwa maandishi ya Mukendi: "Majina hewa 273 yameondolewa."

Mia mbili sabini na tatu. Nilidhani ni kosa la kuchapa. Nikafungua faili ya configuration, na kabla sijasoma neno moja nikajua, kwa sababu sura yake ilikuwa imebadilika. *Accents, clavier, doublons*, hadi *noms*, hadi *tri*. Zote zimepangwa kwa alfabeti, kama watoto wa shule kwenye paredi. *Doublons* ilikuwa ya tatu. *Noms*, inayopaswa kuiambia jina la mtu ni nini, ilikuwa chini kabisa, karibu na mwisho, ikizungumza na mlango uliokwisha kufungwa.

Nikafungua orodha za Oicha, kambi kwa kambi. Kila kambi Kavugho mmoja. Masika mmoja. Kakule mmoja. Paluku mmoja. Yule wa kwanza kuandikwa ndiye aliyebaki, na wengine wote wamefutwa kimya kimya. Kwenye nakala yangu ya zamani nikahesabu akina Kavugho wa Oicha: kumi na tisa. Sasa wamebaki watano. Na mimi mwenyewe ni Kavugho. Kama ningekuwa Oicha Jumamosi, ningekuwa mtu hewa.

Nikaenda ofisini kwake bila kubisha.

"Chef, nani aligusa configuration?"

"Mimi. Nimeipanga."

Nikamwonyesha. Kavugho Débora wa Lusenge, Kavugho Falida wa Mumbere. Wanawake wawili, mababa wawili, kambi moja. Akaangalia mstari mmoja, akaangalia wa pili. Niliona kabisa macho yake yalipoelewa. Kisha nikaona alivyoyafunga.

"Kinshasa bametuambia mara ngapi kwamba mu liste za Est, za huku mashariki, kuko bafantôme, batu ba hewa? Mais oui. Na hapa majina yaleyale, yaleyale, ukurasa muzima. Unataka nisadiki kwamba batu mia inne banaitwa majina thelathini?"

"Ndiyo, chef. Njo vile tunaitwa."

"Rapport imekwisha kwenda," akasema, akachukua kalamu. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama.

Jumanne, 26 Septemba

Nimerudisha sehemu zote kwenye mfuatano wake. Dakika moja. Dakika moja tu, na majina mia nne kumi na mawili yamerudi kwenye skrini. Lakini skrini haioti maharagwe.

Mbegu zao hazijaenda popote. Ziko depo ya Beni, magunia yamepangwa hadi darini. Chef anasema zingoje msimu ujao, maana akizigawa sasa ataandika nini katika ripoti ya pili? Kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo?

Ndiyo, bwana. Andika hivyo.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimeomba siku moja ya ruhusa nikapanda hadi Beni, kutoka Beni hadi Oicha. Sikumwambia chef ninakoenda.

Kwenye kambi nyuma ya soko wanawake walikuwa wanapura mpunga. Niliposema nimetoka bureau ya mbegu hakuna aliyeniangalia. Mmoja tu alisimama, mrefu, kitenge chake kimefungwa juu ya kifua. Nikamwambia ninaitwa Kavugho.

"Na mimi," akasema. "Kavugho Débora. Unakuya kutufuta mara ya pili?"

Nikakaa chini. Akanisimulia Jumamosi ilivyokuwa. Walipanga mstari toka asubuhi, mvua inawanyeshea. Syauswa, mwenzetu wa Beni anayesimamia ugawaji, alikuwa anasoma majina.

"Alisoma jina la kwanza tu: Kavugho. Tukasogea batatu. Akasema hapana, ni mumoja. Mimi nikauliza: na mimi? Akasema: Kavugho amekwisha pita. Nikamwambia: papa, hapa Oicha tuko ba Kavugho kumi na tisa, ni yupi amepita? Basoda, askari bale, bakatuambia tutoke, tunaleta fujo. Yule mwenye alipewa gunia akalia, alisikia haya. Alitaka kutukatia. Lakini gunia moja, batu tatu, utapanda nini?"

Dada mwembamba aliyekuwa karibu naye, Kahindo, aliacha kupura.

"Mimi walinisomea Kahindo mwingine," akasema. "Nikatoka na jina langu mukononi, kama kikapu bila kitu."

Wakaniuliza watapata lini. Nikasema ninapigana. Kahindo akaangalia mbingu, siyo mimi.

"Mvua haitungojei, yaya, dada yetu," akasema. "Shamba letu la zamani lingali na maharagwe ndani ya ghala. Tukikosa hapa, tutaenda kule."

Nikawaambia wasithubutu. Kila mtu anajua kwamba kule magharibi wenye silaha wanaua watu mashambani siku hizi. Débora akacheka kidogo bila furaha.

"Basi tuletee."

Ijumaa, 29 Septemba

Nilipita Beni nikamkuta Syauswa depo, amekaa juu ya magunia yao. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu. Nilikuwa nimeandika mara nyingi katika daftari lililopita kwamba ni mtu mwenye moyo.

"Uliona kwamba orodha imepungua?"

"Niliona jeudi, Alhamisi. Liste ilikuya kwa simu, nikaona ukurasa ine badala ya kumi na moja."

"Wewe ni Munande. Mama yako ni Kavira. Uliona Kavira mmoja kwa kambi nzima ukanyamaza?"

"Yaya Falonne, chef alisema ni bafantôme. Mimi niseme nini?"

"Ungesema si bafantôme!"

Akaangalia viatu vyake. Niliondoka. Mukendi hajui majina yetu, na hilo ni kosa lake kubwa. Lakini huyu anayajua yote, aliyasikia tumboni mwa mama yake. Hasira niliyokuwa nayo kwa mmoja sasa imegawanyika, na kila nusu ni nzito kuliko ile nzima.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeandika barua yenye majina yote 273, vipande vitatu kila moja, nikaweka mezani kwa chef. Amesema ataisoma.

Jumatano, 4 Oktoba

Barua iko palepale. Kikombe chake cha chai kiko juu yake.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemwuliza tena. Safari hii alijibu.

"Madame, unanisema bureau nzima. Sawa. Na mimi nikuulize. Ile siku nilifungua faili yako. Nilitafuta sentensi moja, moja tu, yenye inasema: musiguse ordre hii. Haiko. Miaka tatu unafanya kazi na hukuandika. Ningejua namna gani?"

"Nilikuambia kwa mdomo."

"Kwa mudomo," akasema. "Na kama ungekufa mu barabara ya Musienene?"

Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu. Nilitaka kumpiga kwa kiatu chake safi. Nimetembea hadi nyumbani chini ya mvua nikijibu mambo ambayo sikumjibu, na nilipofika mlangoni majibu yalikuwa yamekwisha. Ni kweli kiunzi kinaruhusu kuandika maelezo juu ya kila sehemu. Alama moja, kisha maneno yako. Sikuandika. Na sababu ninaijua, ingawa sijawahi kuisema: kompyuta ikisumbua, wote walikuwa wanasema "Muiteni Falonne." Nilipenda kuitwa.

Hilo halimtoi yeye hatiani. Aliona ukweli tarehe ishirini na tano akaufumbia macho. Lakini silali vizuri na sehemu yangu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Jua kali siku nzima, la kwanza toka Septemba. Siku nzuri ya kupanda, kwa mwenye cha kupanda.

Jumatatu, 9 Oktoba

Syauswa alipiga simu saa nne asubuhi. Aliongea Kinande, kitu asichofanya kazini kamwe, na sauti yake haikuwa yake.

Ijumaa wanawake watatu walitoka Oicha kwenda mashamba ya zamani: Débora, Kahindo, na mama mmoja wa kambi ya jirani. Walifika, wakakuta ghala limesimama. Wakajaza maharagwe katika vitenge. Jumamosi, lile jua, wakaanza kurudi. Karibu na mto wakasikia watu. Débora na yule mama walijitupa ndani ya majani marefu. Kahindo alikuwa mbele.

Askari wamemleta Oicha jana, baada ya misa. Ameacha watoto wawili.

Nimebaki na simu mkononi. Kisha nimechukua karatasi ile ya majina 273 mezani kwa Mukendi, nimeondoa kikombe, nimetafuta mstari wake. Ulikuwa wa mia na nne. Nimeuzungushia duara kwa kalamu nyekundu nikamwekea karatasi juu ya mikono yake, ilipokuwa inaandika.

"Huyu ni fantôme," nikasema. "Wanamzika leo."

Alisoma ule mstari. Halafu akasoma wa juu yake, na wa juu yake tena, akaenda hivyo mpaka mwanzo wa karatasi, kisha akaanza kushuka. Nilimwacha anasoma. Sikutaka kumwona akilia na sikutaka kumwona asilie.

Jumanne, 10 Oktoba

Chef amepiga simu Kinshasa, mlango wazi, sote tunasikia. Alisema kwa Kifaransa kwamba ripoti ya Oicha ni ya uongo na kwamba mwandishi wa uongo huo ni yeye. Walimjibu kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anasema "oui" tu.

Magunia yanatoka Jumamosi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Oicha. Tumefika saa tatu, lori, Syauswa, mimi na Mukendi. Nilikaa dirishani toka Beni.

Watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mukendi akasimama juu ya gunia ili aonekane, akaanza kwa Kifaransa, akasita, akaanza upya kwa Kiswahili chake cha Kasai.

"Mama zangu, papa zangu. Mimi njo nilifuta majina yenu. Haikuwa machine. Nilipanga kitu chenye sikujua, na bakati baliniambia, nilikataa kusikia. Ninaomba pardon."

Mtoto mmoja alikohoa. Débora akatoka kwenye mstari akaja mpaka mbele yake, mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Kusema hukujua, tunasikia," akasema. "Batu hapana kujua mambo yote. Lakini ulituona majina mingi, ukawaza ni bongo, uongo. Hukuwaza ni batu. Ile njo inauma."

Mukendi akaitikia kwa kichwa. Débora hakungoja aseme neno. Akarudi mahali pake kwenye mstari, na mahali pake palikuwa mbali.

Syauswa akashika orodha aanze kusoma. Nikamnyang'anya. Nimesoma mwenyewe, vipande vitatu kila jina, saa nne mfululizo. Akina Kavugho wote kumi na tisa wameitika, hata wale watano waliokwisha kupewa. Nilipofika kwa Kahindo Kighoma wa Kasonia nilisoma pia, na Débora akachukua gunia lake pamoja na watoto wawili wamemshika kitenge.

Sikusikia furaha. Ningependa kuandika kwamba nilisikia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeandika maelezo katika configuration, juu ya kila sehemu. Juu ya *noms*: "Hii itangulie doublons. Ikisomwa baadaye, doublons itachukua jina la zamu peke yake na kufuta watu. Ilikwisha kutokea Septemba." Nilitaka kuongeza mengine, nikaacha.

Syauswa ameomba tunywe chai. Nimekataa.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua kubwa, daraja dogo la njia ya Beni limekatika. Débora ametuma ujumbe: maharagwe yameota.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua imekuwa haba. Wale waliopanda Septemba wana maua tayari. Wetu wana majani. Mzee wa Musienene alikuwa anajua. Kila nikimwona Mukendi anavuka ua na mwavuli wake, hasira inarudi mpya kabisa. Yeye hukaa mezani kwangu kila Ijumaa nusu saa na kuniuliza sehemu moja moja inafanya nini, na huandika. Ninamjibu. Siwezi kusema ninampenda.

Jumanne, 12 Desemba

Nimekunywa chai na Syauswa. Tumezungumza habari za mama yake tu.

Ijumaa, 12 Januari

Wamevuna Oicha. Débora anasema ni nusu ya ilivyopaswa, watoto watakula hadi mwezi wa tatu. Tunaandaa orodha ya msimu mpya, na leo nimeifungua, nikaisafisha, nikaihifadhi.

Mukendi yuko Kanyabayonga kwa kazi. Amenipigia simu, laini inakatikakatika.

"Madame Falonne, Oicha iko ngapi sasa?"

"Mia nne kumi na mmoja, chef. Huyo mmoja nimemtoa mwenyewe, kwa mkono."

Réseau ilinguruma. Nilidhani amekatika.

"Nani?" akauliza.

Alikuwa anajua ni nani. Nikamtajia: Kahindo Kighoma wa Kasonia.

"Pole pole," akasema. "Utaje tena. Niko naandika."